Kwenye Fomu Aliandika "Mama Tumaini"

Mtaani kwetu Buzuruga, Mwanza, hakuna anayeniita kwa jina nililobatizwa. Tangu mwanangu wa kwanza azaliwe mwaka 2016 nimekuwa Mama Tumaini: kwa muuza mkaa, kwa wateja wanaoniletea vitenge niwashonee, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kwa mwanaume niliyeishi naye miaka saba. Nami nilimwita Baba Tumaini. Nilipenda kuitwa hivyo na hadi leo napenda. Lakini jina hilo lilinihangaisha miezi minane baada ya yeye kufariki, kwa sababu ndilo alilolijaza kwenye fomu ya bima yake ya maisha, mahali palipoandikwa "jina kamili la mnufaika".

Nasimulia haya kwa ajili ya wenzangu walio kama tulivyokuwa sisi. Mnaishi pamoja, mmezaa, mmenunua kiwanja, na ndoa bado iko njiani.

Ya kwetu ilikuwa njiani kweli. Vijana huita maisha yale sogea tukae; kanisani husema kuishi kinyumba, na kwa sababu hiyo hatukuwa tukishiriki meza ya Bwana, jambo lililomuumiza Baba Tumaini kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Barua ya posa ilifika kwetu Sengerema mwaka 2017. Mahari ikapangwa laki nane, akatanguliza laki tatu, wazee wakanywa soda na kupeana mikono. Kisha akazaliwa Zawadi, kisha mama yangu akaugua, kisha yakaja mambo ya bati na saruji. Harusi ikawa ya mwakani kila mwaka. Mara ya mwisho tulisema Desemba 2022, na kamati ilishakaa kikao kimoja.

Kila jambo la karatasi tuliliweka nyuma ya harusi hiyo. Cheti cha kuzaliwa cha Zawadi? Baada ya harusi. Kiwanja kuandikwa majina mawili? Baada ya harusi. Kubadilisha wanufaika kazini kwake? Baada ya harusi, maana ofisini wataonaje ukimwandika mtu ambaye hujamuoa? Tuliifanya harusi kuwa mlango ambao mambo yote lazima yapitie, na mlango wenyewe ulitaka ukumbi, suti na michango ya ndugu. Fomu ya wanufaika ilitaka kalamu na dakika kumi.

Mimi nilimgusia mara moja tu. Alikuja wakala wa bima mtaani, nikamuuliza Baba Tumaini jioni yake, "Hivi kazini kwenu ukipatwa na jambo, sisi tumeandikwa?" Akaniambia, "Mama Tumaini, usilete uchuro ndani ya nyumba." Alisema kwa upole, na mimi nikanyamaza, kwa sababu nami nililelewa hivyo hivyo: anayetaja kifo anakiita. Laiti ningeuliza tena wiki iliyofuata, na ile iliyofuata.

Alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara. Juni 2022, akiwa zamu ya usiku, alianguka karibu na vyumba vya barafu. Wenzake walimkimbiza hospitali, akafariki kabla hakujapambazuka. Alikuwa na miaka 36.

Tulimsafirisha kwao Ukerewe kwa meli ya Nansio. Safari ile ni ya saa tatu hivi, na kwa muda wote huo nilikaa karibu na jeneza nikiwa na Zawadi mgongoni. Tulipofika nyumbani kwao, nilipoelekezwa mkeka wa kukaa, shangazi yake mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye mjane?" Pakawa kimya. Kimya kile ndicho kilichonifundisha kwa mara ya kwanza kwamba hilo ni swali, na kwamba linaweza kuwa na majibu mawili. Mama mkwe, aliyekuwa ameegemea ukuta macho yamevimba, akasema, "Ndiye." Kikao kikaendelea.

Baada ya kuanua matanga nilirudi Mwanza. Haikupita wiki mbili ofisi ya utumishi ya kiwanda ikanipigia, nami nikaenda nikiwa na watoto wote wawili na bahasha ya vyeti nilivyokuwa navyo. Dada wa pale aliniheshimu, alinipa kiti, alinipa maji. Akanieleza kwamba wafanyakazi wote wamekatiwa bima ya maisha ya kikundi, na mfanyakazi akifariki wanufaika wake hulipwa mishahara ya miezi 36. Mshahara wa Baba Tumaini ulikuwa shilingi 620,000. Hesabu yake ni shilingi 22,320,000.

Halafu akafungua faili, akakaa kimya kidogo, akasema, "Dada, jina lako halipo."

Fomu ilijazwa mwaka 2013, wiki aliyoajiriwa. Mama yake mzazi, asilimia 60. Kaka yake mkubwa, asilimia 40. Mimi na Baba Tumaini tulifahamiana 2014.

Nilikasirika sana siku hiyo, na hasira ilimwendea shemeji, kana kwamba alikuwa ameingia ofisini usiku akaandika jina lake. Ilinichukua muda mrefu kukubali jambo hili: fomu ile haikuwa na uongo ndani yake. Ilisema ukweli wa mwaka 2013. Kaka yake ndiye aliyemlipia ada ya chuo cha ufundi, VETA, kwa fedha za uvuvi, usiku hadi usiku ziwani, na kijana aliyepata kazi yake ya kwanza alimwandika aliyemfikisha hapo. Mtu mwenye shukrani angefanya hivyo. Ni maisha yaliyosogea, fomu ikabaki pale pale kwenye kabati, na hakuna sheria inayoiagiza kabati ikufuate nyumbani kukuuliza kama umepata mtoto.

Nilimuuliza yule dada kama sheria hainitambui, mtu niliyeishi na marehemu miaka saba. Akasema hilo ni suala la mahakama, lakini kampuni ya bima hailipi kwa kuangalia nani aliishi na nani. Inalipa majina. Na fedha yenye mnufaika aliyetajwa haiingii hata kwenye kapu la mirathi ili ukoo uigawe. Inakwenda moja kwa moja kwa aliyeandikwa. Nilidhani hilo ni baya. Baadaye, kwenye bima ile nyingine, jambo hilo hilo ndilo lililoniokoa.

Kabla ya kufika huko, niseme kidogo kuhusu mkopo. Kwenye SACCOS ya kiwandani, yaani chama cha akiba na mikopo, Baba Tumaini alikuwa anadaiwa shilingi 1,800,000 alizokopa kwa ajili ya bati. Nilipoambiwa kuna "bima ya mkopo" nilifurahi, nikajua kuna fedha inakuja. Hapana. Bima ya mkopo humlipa aliyekopesha. Deni lilifutwa, na hilo lilikuwa jambo kubwa, maana lisingefutwa lingekula akiba yake yote. Ila mkononi haikuja hata shilingi. Nimekutana na wajane wengine walioambiwa na waume zao, "Nina bima benki," wakakaa na matumaini, kumbe bima yenyewe ilikuwa hiyo.

Sasa bima ya pili.

Nilikuwa natafuta risiti za bati ndani ya sanduku lake la vifaa, chini ya koleo na waya, nikakuta bahasha ya kampuni ya bima. Mwaka 2018, bila kuniambia, alikata bima yake binafsi ya maisha. Alikuwa akilipa 25,000 kila mwezi, na fao la kifo lilikuwa shilingi 5,000,000. Pale kwenye mnufaika, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa: MAMA TUMAINI. Asilimia 100. Kwenye kisanduku cha uhusiano: MKE.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa namna ambayo sikulia hata Ukerewe. Mtu aliyenikataza uchuro alikuwa ametoka, akaenda peke yake kwa wakala, akatufikiria. Aliniandika kwa jina aliloniita kila asubuhi, na cheo alichokuwa tayari amenipa moyoni.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonizuia kulipwa.

Afisa wa madai, kijana mpole tu, alinieleza bila kuzunguka. Kitambulisho changu cha taifa kina majina matatu, na hakuna hata moja kati yake linalosema Mama Tumaini. Nchi hii ina akina Mama Tumaini wangapi? Pili, marehemu ameandika mke, kwa hiyo kampuni inaomba cheti cha ndoa. Nikamwambia hakipo. Akaweka kalamu chini, akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku hiyo: "Angeandika majina yako kama yalivyo kwenye kitambulisho, na uhusiano akaandika mwenza au mzazi mwenzangu, leo ungeondoka na fomu ya malipo. Mtu anaruhusiwa kumwandika amtakaye. Shida inakuja maelezo yasipofanana na ukweli."

Kwa hiyo kisanduku kile cha uhusiano kisikutie aibu. Wengi huandika mke au mume kwa heshima ya mwenza wao, au kwa kuogopa macho ya karani. Ukiandika cheo ambacho huna karatasi yake, umempa kila mwenye nia ya kupinga mahali pa kuanzia. Andika kilicho kweli leo: mchumba, mwenza, mzazi mwenza. Mkishafunga ndoa, rudini mkabadilishe.

Habari za bima ya pili zilifika Ukerewe haraka kuliko meli. Shemeji alikuwa ameshateuliwa na kikao cha ukoo kuwa msimamizi wa mirathi, na akanipigia simu. Hakunitukana, hajawahi. Alisema, "Shemeji, sisi tunakuheshimu, lakini mahari hayakukamilika. Kama hakuna ndoa basi hakuna mke, na kama hakuna mke fedha hiyo haina mwenyewe, irudi kwenye mirathi tuigawe wote na watoto wakiwemo." Aliamini alichosema. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

Jirani yangu mmoja akanipeleka kwa msaidizi wa kisheria, mama wa makamo anayekaa ofisi ya kata siku mbili kwa wiki. Nilikwenda nikitarajia mtu wa kunipigania. Nilimkuta mtu wa kunifafanulia, na hilo lilinisaidia zaidi.

Alianza na mahari. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa sawasawa haibatiliki kwa sababu mahari hayakulipwa au hayakukamilika. Ila na upande wa pili ni kweli: kulipa mahari peke yake hakufungi ndoa. Kwa hiyo ile laki tatu iliyotangulia na ile laki tano iliyobaki, zote hazikuwa na uzito tulioupa, mimi wala shemeji.

Kisha akanisomea kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo. Mwanaume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo jamii inawaona kama mume na mke, sheria inadhania kwamba walioana. Nikasimama. Nikasema, "Basi mimi ni mke!" Akanishika mkono nikae. Akasema neno la kutazama hapo ni "inadhania". Dhana hiyo inaweza kukanushwa. Mtu akileta ushahidi kwamba hamkuwa mke na mume, au kwamba mmoja wenu alikuwa na ndoa nyingine ya mke mmoja ambayo haijavunjwa, inaanguka. Tena haiji yenyewe. Lazima mahakama iithibitishe, na wewe ndiye wa kuleta mashahidi: majirani, mwenyekiti wa mtaa, walioshuhudia posa, mwenye nyumba mliyopanga. Mtaani watu husema, "Mkikaa miaka miwili tayari ni ndoa." Hapana. Mkikaa miaka miwili mna kitu cha kwenda kukieleza mahakamani, mmoja wenu akiwa kaburini na hawezi kukuunga mkono.

Na hata ningeshinda, akaendelea, ile milioni 22 ya kazini isingetikisika. Dhana ya ndoa ingenisaidia kwenye mirathi. Ingenisaidia kwenye mafao ya hifadhi ya jamii, ambako sheria ndiyo inayotaja wategemezi, yaani mwenzi wa ndoa na watoto, na siyo kalamu ya mwanachama. Lakini fomu ya bima ya kikundi ilishamaliza kazi yake mwaka 2013.

Kuhusu hiyo milioni tano, alinipa njia ambayo sikuifikiria. "Wewe unataka kuthibitisha kwamba ni mke," alisema. "Acha hilo kwa sasa. Thibitisha kwamba ni Mama Tumaini." Akaniuliza kama Tumaini ana cheti cha kuzaliwa. Alikuwa nacho. Tulimwandikisha mapema, baba akaenda mwenyewe akatia saini, na kwenye cheti cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, jina la baba lipo na jina la mama lipo, majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mama yake Tumaini ni nani, serikali ilishaandika.

Tukakusanya: nakala ya cheti hicho, kiapo mbele ya wakili kwamba mwenye majina yale na anayeitwa Mama Tumaini ni mtu mmoja, barua ya serikali ya mtaa kwamba tuliishi nyumba moja tangu 2015, na maelezo ya familia ya marehemu kwamba hana mtoto mwingine anayeitwa Tumaini wala hawana pingamizi. Hilo la mwisho lilikuwa mlima. Shemeji hakukataa, ila kila nikipiga simu alikuwa ziwani.

Aliyemaliza ni mama mkwe. Alikuja mwenyewe Mwanza kwa meli ya asubuhi, akafika kwangu na kapu la mihogo, akakaa, akaomba aonyeshwe ile fomu. Hajui kusoma vizuri, ila herufi kubwa za mwanawe anazijua. Alipitisha kidole kwenye neno lile, akasema, "Hata angeandika Mama Zawadi ningekujua." Kesho yake tukaenda naye kwa kampuni, akaweka dole gumba. Fedha ililipwa Februari 2023.

Msaidizi wa kisheria alinieleza pia kwamba kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya kueleweka, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya bima, TIRA, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Sikuhitaji kufika huko. Nataja kwa sababu wengi wakiambiwa "leta cheti cha ndoa" hugeuka na kurudi nyumbani.

Mama mkwe alipolipwa asilimia zake 60, shilingi 13,392,000, aliezeka upya nyumba yake, akatibiwa macho, akaniletea milioni nne. Aliniambia, "Hela hii nimepewa mimi, lakini najua mwanangu angeigawa vipi leo." Sheria haikumlazimisha hata senti moja. Nimeona misiba ambayo mama wa marehemu alichukua yote akabadilisha na namba ya simu, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu yeyote ategemee moyo wa mama mkwe. Shemeji alinunua injini ya mtumbwi. Hutuma samaki watoto wanapofunga shule. Sijamwomba kitu na hajatoa, na tumebaki tunasalimiana.

Kiwanja kiliandikwa jina lake peke yake, kikaingia kwenye mirathi, na kwa sababu watoto wanatambulika kama watoto wake, kimebaki kwa ajili yao. Zawadi, ambaye hakuwa na cheti wakati baba yake anafariki, alinipa kazi ya ziada ya miezi mitatu kuthibitisha baba aliye wazi usoni mwake. Jamani, andikisheni watoto. Kwa walio chini ya miaka mitano usajili unafanyika bila malipo ofisi za kata na vituo vya afya. Cheti chenye jina la baba na jina la mama ndiyo karatasi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote katika msiba wangu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza watu maswali ambayo hayaulizwi. Mteja akija kupima nguo ya harusi ya mwakani, namuuliza mwenza wake kazini kamwandika nani. Wengine hukasirika. Mmoja wa Igoma alikwenda kumuuliza mwenza wake, wakakuta kwenye fomu bado yupo mwanamke aliyeachana naye miaka sita nyuma. Hakuwa na nia mbaya, alisahau tu. Wakabadilisha siku ile ile, akaniletea vitumbua.

Wengine huniuliza kama mwanamke anaweza kumkatia bima mwenza wake kimya kimya, awe salama. Wakala niliyemuuliza alisema kampuni itataka kujua maslahi yako katika uhai wa mtu huyo, na kwa wasio na ndoa hapo panakuwa na maswali. Njia safi ni kila mmoja akate bima ya maisha yake mwenyewe na amwandike mwenzake. Na mjue hivi: mwenye bima anaweza kubadilisha mnufaika wakati wowote bila kukutaarifu. Kuandikwa leo hakukupi uhakika wa kesho. Ndiyo maana mazungumzo yenyewe ni ya kurudiwa, kila mwaka, kama mnavyozungumza ada za shule.

Rafiki yangu Mwislamu alikwenda kumuuliza shehe wake kuhusu hali kama yangu. Aliambiwa mzazi mwenza asiye mke hana fungu katika mirathi, na kama mtu anataka kumwachia kitu asiyemrithi, wasia wake usizidi theluthi ya mali. Alirudi nyumbani akamwambia mwenzake waende kwa kadhi wakafunge ndoa Ijumaa hiyo hiyo, bila ukumbi. Wamefunga. Mimi na Baba Tumaini tungeweza kufanya hivyo mbele ya mkuu wa wilaya Jumatatu yoyote, baada ya kutoa taarifa ya siku 21 inayotakiwa, na sherehe ikaja itakapokuja. Hilo ndilo linaloniuma usiku, zaidi ya fedha.

Mwaka jana nilikata bima yangu. Ni ndogo, ya uwezo wa fundi cherehani. Kwa wanufaika nimewaandika Tumaini na Zawadi, nusu kwa nusu. Wakala akanieleza kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 hakabidhiwi fedha, kwa hiyo lazima nimtaje mtu mzima atakayewapokelea, la sivyo fedha itasubiri mahakama imteue mlezi. Nikafikiri watu wote ninaowajua. Nikamwambia namjua wa kumwandika.

"Majina yake matatu?" akauliza.

Nikashika kalamu, nikakwama. Miaka yote hiyo nimemwita mama, na watoto humwita bibi, na kule Nansio huitwa kwa jina la yule mtoto wake mkubwa mvuvi. Nikatoka nje ya ofisi nikampigia simu.

"Mama, shikamoo. Naomba unitajie majina yako kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho."

"Marahaba mwanangu. Ya nini?"

Nikamweleza. Akanyamaza, nikasikia kuku nyuma yake, na upepo wa ziwa kwenye simu. Nikadhani ataniambia nisilete uchuro.

"Subiri nikichukue kitambulisho chenyewe," akasema, "nimwite mtoto wa jirani akusomee herufi moja moja."